Nani Kafanya Hivi? Kwa Nini Binadamu Anatunga Ngano
Mhadhara kwa wazee, walimu na vijana wa Lubondja, teritwari ya Fizi, Kivu ya Kusini



Radi ikiua mtu huku kwetu, watu hawaulizi radi hutokana na nini. Wanauliza imetumwa na nani. Mwalimu anaweza kuwa amefundisha habari za umeme wa mawingu asubuhi ile ile, lakini jioni akifika matangani atakuta majina yanatajwa kwa sauti ya chini, na naye atatega sikio. Na radi hatuna chache. Mwaka 2016 wataalamu waliochambua rekodi za satelaiti za miaka 16 waliiweka Kabare, hapa hapa Kivu ya Kusini, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi: zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Ni ziwa Maracaibo la Venezuela tu lililotutangulia. Kwa hiyo swali la "nani kaituma" limepata nafasi nyingi sana za kuulizwa katika milima hii.

Sikuja kuwashutumu wanaouliza hivyo. Swali la "nani" ni la zamani kuliko shule zote, na lina akili ndani yake. Babu zetu wa kale kabisa, waliolala porini, waliposikia majani yanachakarika usiku, alipona yule aliyedhani kuna kiumbe mwenye nia. Aliyesema ni upepo alikuwa sahihi mara nyingi, lakini siku moja ilitosha kumkosesha wajukuu. Tumezaliwa na waliouliza "nani". Mwaka 1944 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Fritz Heider na Marianne Simmel, waliwaonyesha watu filamu fupi isiyo na mtu hata mmoja, ila pembetatu mbili na duara vinavyotembea huku na huku. Walipoulizwa wameona nini, karibu wote walieleza ugomvi: kuna mkubwa mwonevu, kuna mdogo jasiri, kuna mmoja anayekimbia kwa hofu. Macho yaliona michoro, akili ikaona watu, ikaona na kosa, na mara ikajua nani wa kulaumiwa.

Hapo ndipo ngano inapozaliwa. Ziwa letu lenyewe lina kesi yake.

Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alikuwa Ujiji, ng'ambo ya pili, akasimuliwa jinsi ziwa Tanganyika lilivyotokea, na mwaka 1878 akayachapa aliyosikia. Pale penye maji leo, walisema, palikuwa na uwanda mpana wenye watu wengi na mifugo mingi. Katika mji mmoja wenye boma aliishi mtu na mkewe, nao walikuwa na kisima kirefu kilichobubujika daima, na ndani yake samaki wasiohesabika. Utajiri huo ulikuwa na mwiko mmoja ulioachwa na mababu: siku mgeni atakapoonyeshwa kisima, yote yamekwisha. Mke akawa na mpenzi. Akawa anampelekea samaki kwa siri, na yule bwana, ambaye hajapata kuonja kitu kitamu namna hiyo, akamsumbua amwambie samaki hao wanatoka wapi. Mume aliposafiri kwenda Uvinza, mke akamkaribisha mpenzi wake nyumbani, wakala, wakanywa, kisha akampeleka kisimani. Bwana akawaona samaki wanameta, wanageukageuka majini. Akanyoosha mkono amshike mmoja. Hapo hapo dunia ikapasuka, uwanda ukazama, maji yakafunika miji, watu na ng'ombe wao.

Kwanza tazameni mpasuko. Wanajiolojia wanatuambia kwamba ziwa hili limekaa ndani ya bonde la ufa, kwamba ardhi ya Afrika inatengana polepole, na kwamba kazi hiyo ilianza kiasi cha miaka milioni 9 hadi 12 iliyopita mpaka kikapatikana kina cha mita 1,470. Hakuna binadamu aliyeshuhudia. Lakini watu walioishi ukingoni vizazi kwa vizazi waliona kuta za miamba zinazotazamana toka pande mbili za maji, wakasikia ardhi ikitetemeka kama ilivyotetemeka tarehe 5 Desemba 2005, nyumba za Kalemie zikaanguka, na kwa akili zao wenyewe wakajua kwamba hapa dunia imepasuka. Ujuzi huo wangeuweka wapi, na daftari halipo? Waliuweka ndani ya kisa cha mume, mke na mpenzi, kwa sababu kisa cha namna hiyo hakuna anayekisahau. Mtoto aliyekisikia mara moja atakisimulia akiwa mzee, na mpasuko utasafiri pamoja nacho.

Halafu tazameni aliyebebeshwa lawama. Aliyenyoosha mkono ni mwanamume. Walioweka mwiko bila kueleza sababu ni mababu. Lakini ukiuliza nani kaleta maji haya, jibu linalobaki kinywani ni: mke. Sidhani kwamba hilo ni bahati mbaya. Msimulizi anapojibu "nani", anachagua, na mara nyingi anamchagua asiyekuwapo kujitetea wakati ngano inasimuliwa.

Nilichokuja kusema leo Lubondja ni hiki. Binadamu anatunga ngano kwa sababu hawezi kukaa na jambo kubwa lisilo na mwenyewe, liwe kifo, radi, ziwa au vita. Kuuliza "ilitokea kweli?" ni lazima, ila hakutoshi. Ngano yoyote lazima tuiulize pia: unamtwisha nani lawama? Katika Fizi yetu swali hilo limekuwa la uhai na kifo, nami nitafika huko.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini kila mmoja asikae na jibu lake kimya kimya? Kwa sababu jibu la mtu mmoja halimtulizi hata yeye mwenyewe; mpaka wengine walikubali. Polly Wiessner, mwanaanthropolojia aliyeishi na Waju/'hoansi wa Botswana na Namibia, alichapa mwaka 2014 hesabu ya mazungumzo yao. Mchana waliongea habari za kazi, chakula na mali, na theluthi nzima ya maneno yao ilikuwa malalamiko na kusutana. Hadithi zilikuwa asilimia 6 tu. Moto ukiwashwa usiku, hadithi zikawa asilimia 81. Watu wale wale waliosutana mchana kuhusu nyama, usiku walicheka na kulia pamoja juu ya watu walio mbali na wafu wao. Huko Ufilipino, kati ya Waagta ambao nao ni wawindaji na wavuvi, watafiti waliwauliza watu wangependa kukaa kambi moja na nani. Waliotajwa zaidi walikuwa wasimulizi hodari, hata kuwashinda mafundi wa kuwinda na kuvua. Na kambi zenye wasimulizi wengi hodari ndizo watu wake walikuwa wepesi wa kugawana. Matokeo hayo yalichapwa mwaka 2017, lakini nadhani bibi zetu hawangeshangaa.

Babembe tuna lubunga, banda la kukutania na kusimuliana. Vijana mliokulia mjini mnaijua kwa jina la barza, na wengine mmeikuta ikiwa na mabati na plastiki badala ya nyasi. Ndugu wawili wanagombea shamba la mihogo. Mmoja anasema baba alimwachia yeye, mwingine anasema mpaka umesogezwa. Mzee anayejua kazi yake hawataji. Anatazama moto, anaanza na kobe aliyeazima jembe la nduguye, akalitumia mpaka likaisha makali, kisha akaapa kwamba jembe lilikuwa lake tangu zamani. Watu wanacheka. Mmoja wa wale ndugu hacheki. Hakuna aliyemwita mwizi, kwa hiyo hana wa kumrukia. Anabaki na kobe kichwani mpaka asubuhi, na kesho anaweza kurudisha mpaka mahali pake bila kuaibika. Mzee amemwekea nafasi ya kujilaumu mwenyewe. Mimi sijaona kazi bora zaidi ya ngano kuliko hiyo.

Sasa niseme habari ya ngano ambayo haina nafasi hiyo.

Tarehe 24 Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma, akashukia Kibamba, pwani yetu. Alichukua jina la Kiswahili, Tatu. Baba zenu na babu zenu wengi walikuwa katika uasi ule wa Simba, na wengine wamo humu ndani. Katika maandishi yake Che alieleza kwa mshangao mkubwa habari ya dawa: mganga aliwanyunyizia wapiganaji maji ya majani ili risasi zisiwaingie. Masharti yalikuwa matatu. Usichukue cha mtu. Usiguse mwanamke. Usiogope. Tarehe 29 Juni walishambulia kituo cha umeme cha Bendera, kusini yetu, wakashindwa vibaya, Wacuba wanne waliokuwa upande wa Che wakafa pamoja na wenzao. Hata hapo imani haikufa. Aliyelaumiwa ni mganga, kwamba dawa yake ilikuwa hafifu. Na katika imani ile, mpiganaji yeyote akianguka, maelezo yalikuwapo tayari: kaiba, au kalala na mwanamke, au kaogopa.

Fikirini ngano hiyo ilivyofungwa pande zote. Aliyerudi hai ni ushahidi kwamba dawa inafanya kazi. Aliyekufa amejishitaki mwenyewe. Mama yake analia mara mbili, kwa msiba na kwa aibu. Kamanda aliyewatuma vijana mbele ya bunduki za rashasha bila mpango hatajwi popote. Lawama imeshuka mpaka kwa maiti, nayo maiti haijibu.

Miaka 60 kabla yake, kusini mwa Tanganyika, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji dhidi ya risasi za Wajerumani. Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu sitaki kudharau. Maji yale yaliwaunganisha watu wa makabila mengi ambao hawakuwa na mfalme mmoja wala lugha moja ya nyumbani, wakasimama pamoja dhidi ya dhuluma ya kulazimishwa kulima pamba. Hakuna hoja ya kawaida ambayo ingeweza kufanya hivyo kwa haraka namna ile. Ngano ilifanya. Kisha ikawapeleka mbele ya bunduki, na Wajerumani wakachoma vyakula, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein aliandika tamthilia ya Kinjeketile, na ndani yake nabii mwenyewe anaanza kutilia shaka neno alilolitoa, linamshinda, limekuwa kubwa kuliko yeye. Ndiyo maana tamthilia hiyo inasomwa mpaka leo: mwandishi alimpenda shujaa wake na bado akamhoji.

Vijana, mnajua kwamba maji na dawa havijaondoka Fizi. Sitasema zaidi ya hapo. Anayekupa ngano ambayo ukifa kosa ni lako, na ukipona sifa ni yake, muulize yeye atakuwa wapi siku ya vita.

Kuna ngano nyingine iliyopita hapa hapa kwa mtumbwi. Mwaka 1858 Richard Burton na John Hanning Speke, Waingereza, walipiga kasia kutoka Ujiji wakafika Ubwari, rasi tunayoitazama tukisimama Baraka, wakaendelea hadi Uvira. Ghuba iliyo kati ya Baraka na Ubwari bado inaitwa kwenye ramani ghuba ya Burton. Miaka mitano baadaye, 1863, Speke alichapa kitabu cha safari yake iliyofuata, na humo akaweka dhana yake kwamba watawala wafugaji wa maziwa makuu wametokana na watu wa Abyssinia, jamii tofauti na wengine, waliokuja kutawala. Hakuwa na ushahidi. Alikuwa na sura za watu, na Biblia yake, na hamu ya kupata jibu la "nani alileta falme hizi", kwa sababu alishindwa kuamini kwamba Waafrika wenyewe walizijenga.

Ngano ya Speke iliingia kwenye vitabu vya misheni, ikaingia kwenye shule na ofisi za Wabelgiji, katika miaka ya 1930 ikaingia mpaka kwenye vitambulisho vya watu wa Rwanda. Tarehe 22 Novemba 1992 Léon Mugesera alihutubia huko Kabaya, Rwanda, akasema Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mto huo haupitishi mashua mpaka Ethiopia. Kila aliyesikia alielewa wanarudishwa wakiwa nini. Mwaka 1994 mito ilibeba maiti. Ngano ya mgeni mmoja aliyepita kwa mtumbwi mbele ya Ubwari ilikuwa imewafikia watu wenye mapanga, nao waliiamini kana kwamba waliirithi kwa babu zao.

Na sisi? Fizi, Uvira, Itombwe, Minembwe, kila mmoja ana ngano ya nani alitangulia. Mwenyeji ni nani, mgeni ni nani. Nitasema ya Babembe kwanza, kwa sababu ndiyo niliyonyonya. Tunasimulia kwamba tulitoka magharibi, msituni, sisi na Balega tukiwa kitu kimoja, tukashuka kuelekea ziwa. Ni simulizi nzuri na ninaipenda. Lakini wazee wakisimulia bila haraka wanakiri kwamba tulikuta watu humu, wawindaji waliotangulia. Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyekaa na Babembe, Balega na Banyanga katika miaka ya 1950, aliandika kitabu kizima mwaka 1981 juu ya sanamu za wawindaji hao, Basikasingo wakiwamo. Kipande hicho cha simulizi siku hizi kinarukwa. Kwenye mikutano tunaanza na "sisi wenyeji", na waliotutangulia hawatajwi tena.

Tusidhani ni ugonjwa wetu peke yetu. Kule Kilwa, kisiwani, tarihi yao inasimulia kwamba mwana wa mfalme wa Shirazi alikuja kwa jahazi, akainunua Kilwa kwa nguo zilizotosha kukizunguka kisiwa chote. Wasomi wengi wa karne iliyopita waliona ni kujitafutia ukubwa tu. Mwaka 2023 jarida la Nature likachapa uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya pwani, na ikaonekana kwamba kuanzia kiasi cha mwaka 1000 wanaume wenye asili ya Uajemi walizaa na wanawake wa Afrika. Simulizi haikusema uongo. Baba alikuja kweli kwa jahazi. Lakini mama, aliyekuwapo tayari, ambaye watoto wamechukua lugha yake na nusu au zaidi ya damu yake, simulizi ilimfunika kwa nguo za kununulia kisiwa. Ukweli nusu unaweza kudumu miaka elfu.

Ng'ambo ya ziwa, Liisa Malkki, mwanaanthropolojia kutoka Ufini, aliishi na wakimbizi Wahutu wa Burundi mwaka 1985 na 1986. Baadhi walikuwa kambini Mishamo, wengine mjini Kigoma. Watu wa nchi moja, waliokimbia mauaji yale yale ya 1972. Kambini aliwakuta wametunga historia moja kubwa, iliyonyooka, yenye watu wema na watu wabaya, na kila msiba wa leo ulikuwa na mahali pake ndani ya historia hiyo. Mjini hawakuwa nayo. Mjini walioa, walifanya biashara, walibadili majina, walikuwa na majirani wa kila aina. Nasoma hilo na nawaza watoto wetu. Tangu 1996 maelfu ya watu wa Fizi wako Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, na kuna watu wazima huko leo, wenye watoto wao, ambao hawajawahi kukanyaga Fizi. Fizi yao yote, na sombe yake, na ndakala zake, na vita vyake, imetoka kinywani mwa mzazi. Tunawasimulia nini? Wakirudi, watarudi kwenye kijiji au kwenye kesi?

Hapa nitasema jambo zito, nanyi wazee mnivumilie. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti juu ya uhalifu uliotendeka Kongo kuanzia 1993 hadi 2003. Humo imeandikwa Makobola: kati ya mwisho wa Desemba 1998 na siku za kwanza za Januari 1999, raia zaidi ya 800 waliuawa na askari wa waasi na washirika wao. Kila mtoto wa Fizi anaijua Makobola, na anapaswa kuijua. Ripoti hiyo hiyo imeandika Baraka na Lueba, Septemba 1996: raia wa Kinyamulenge, jirani zetu Watutsi wa milimani, wanawake na watoto wakiwamo, waliouawa na watu wenye silaha wa kwetu. Hiyo ni watoto wangapi wanaijua? Na kule milimani, Minembwe, je, watoto wa Banyamulenge wanasimuliwa Makobola kwa uzito ule ule, au wao wana Lueba tu? Kila upande umebeba nusu yake na kuiita historia. Nusu mbili zisipokutana, kila kizazi kinajifunza kuuliza "nani katufanyia hivi", na hakuna kinachojifunza kuuliza "sisi tulimfanyia nani".

Msitu wetu ulikuwa na njia bora zaidi, na si ya kuletwa.

Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, nchi ya Banyanga huko Walikale, msimulizi Shé-Kárisi Candi Rureke alimsimulia Biebuyck utendi wa Mwindo. Aliimba, akacheza, akaigiza, wenzake wakimpigia na kumwitikia, kwa siku kumi na mbili. Banyanga walisema Karisi ni roho, na kwamba anayemtaka msimulizi asimulie ni huyo. Biebuyck na Kahombo Mateene, mwanaisimu ambaye ni Munyanga mwenyewe, wakauchapa mwaka 1969, na sasa unasomwa vyuo vikuu vya dunia nzima. Wengi wenu hamjausikia, na hilo linaniuma.

Shemwindo, mfalme wa Tubondo, aliwaamuru wake zake wazae wasichana tu. Mmoja akazaa mvulana, Mwindo, aliyezaliwa anaongea na anatembea. Baba akamrushia mikuki, ikamkosa. Akamzika hai, akatoka. Akamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni, ngoma ikaelea mpaka kwa shangazi yake Iyangura. Mwindo akarudi na wajomba zake; Nkuba, mwenye radi, akauteketeza mji, na baba akakimbilia chini ya ardhi. Kijana akamfuata mpaka kuzimu, akapita majaribu ya kutisha, akampata.

Ngano ya kisasa ingeishia hapo, baba akiwa amechinjwa na mtoto amekalia kiti. Utendi wa Rureke hauishii hapo. Mwindo anamrudisha baba yake nyumbani, anawafufua waliokufa katika vita vyake mwenyewe, kisha wanakaa barazani mbele ya watu wote, na Shemwindo anakiri kosa lake kwa kinywa chake. Nchi inagawanywa kati yao. Na bado haijaisha! Mwindo, sasa mfalme, mwenye kiburi cha ushindi, anamuua joka Kirimu. Joka hilo lilikuwa rafiki wa Nkuba, yule yule aliyempigania. Radi inashuka na kumchukua shujaa wetu juu mbinguni, anakaa huko mwaka mzima akiteswa na baridi, mvua, mwezi na jua, anakemewa kama mtoto, anakatazwa asiue tena. Anarudi akiwa mtu mpole, na sheria anazowapa watu wake zinahusu kuishi vizuri, kupokea kila mtoto anayezaliwa, wa kike na wa kiume, na kuogopa kiburi.

Tazameni radi imefanya nini humo. Huku nje tunauliza nani kamtumia jirani yetu radi. Katika utendi huu radi inampiga shujaa wa hadithi, na kosa ni lake. Msimulizi wa msituni, ambaye hakuingia darasa lolote la haki za binadamu, alimpenda Mwindo siku kumi na mbili na hakumwachia aondoke bila kukemewa. Ndiyo maana nasema Rureke ni mkubwa kuliko wanasiasa wote waliowahi kutuhutubia kwa kipaza sauti.

Basi, ninawaomba. Walimu, likizo inayokuja wapeni wanafunzi kazi ya kwenda kwa wazee. Telefone zenu zinarekodi, zitumieni. Mzee asimulie kwa Kibembe kama ni Mbembe, kwa Kifuliiru, Kinyindu, Kibuyu, Kirundi au Kinyamulenge kama ndiyo lugha yake. Msimharakishe na msimsahihishe. Andikeni jina lake akikubali, kijiji na tarehe. Waulizeni kina mama pia, maana barazani hawakupewa zamu, na kisima cha ziwa kingesimuliwa vingine kama wangeulizwa. Mwishoni muulizeni kila msimulizi swali moja tusilolizoea: na sisi, tulimkosea nani? Akijibu, andikeni jibu kama alivyolisema. Akikataa, andikeni kwamba amekataa, mrudieni siku nyingine. Daftari likijaa, mtengeneze nakala, mpelekeeni jirani asiye wa kabila lenu, mwachieni kurasa tupu nyuma, aandike upande wake.